Jina la mtoto: lililozoeleka au la kipekee? Mliopitia tupeane uzoefu

Baba Mtarajiwa
Wakuu, salaam. Mke wangu ana miezi minane, picha imeonyesha binti, na nyumbani hakukaliki kwa sababu ya jina.

Mimi ni Joseph John Joseph. Ndiyo, hivyo hivyo. Babu Joseph, baba John, na mimi nikarudishiwa la babu. Mwaka juzi niliomba mkopo sehemu fulani nikaambiwa nina deni la pikipiki. Pikipiki sijawahi hata kuiendesha. Miezi miwili nilihangaika kuthibitisha kwamba Joseph John Joseph mwenye deni ni mwingine, yuko Geita huko. Shuleni tulikuwa Joseph watatu, mimi nikawa Joseph Kichwa, na mpaka leo kuna watu wazima na heshima zao wananiita Kichwa mbele ya mke wangu. Nikaapa: mwanangu mwalimu akiita jina lake, asimame mtu mmoja.

Mke wangu ni Mhaya, Kemilembe, ila amekulia Mtwara kwa sababu baba yake alikuwa mtumishi wa serikali. Anasema utoto wake wote alikuwa akitamka jina mara tatu kwa kila mtu mpya, na kuna cheti kimoja ameandikwa Chemlembe. Hataki kusikia habari ya upekee. Anataka Anna, Maria au Grace, basi.

Bi mkubwa, yaani mama yangu, yuko Tabora. Yeye ameshatangaza kwa simu kwamba ni Chausiku, jina la mama yake. Hajauliza mtu.

Mliamuaje? Na kuna aliyejuta? Tiririkeni.

Mvuja Jasho
Naweka mkeka hapa. Juma Hamisi Juma ndiye anayeandika, kwa hiyo mkuu nimekuelewa kabla hujamaliza.

Mwalimu wa Zamu
Nafundisha shule ya msingi Temeke, na nawaambieni wazazi wa mjini mnajidanganya. Kila mmoja anakuja na jina ambalo "hakuna mtu analo". Darasa langu lina Brayan wanne. Mmoja ni Brian, mmoja Bryan, mmoja Brayan, na wa nne ni Blayan, huyo nadhani aliyejaza karatasi aliandika alichosikia. Careen watatu. Jayden nimeacha kuhesabu. Unajua ambaye yuko peke yake darasa zima? Mwajuma. Nikiita anasimama mtoto mmoja, tena anasimama kwa madaha. Nilipokuwa nasoma mimi, miaka ya 90, Mwajuma walijaa dawati na Brayan tulimwona kwenye televisheni ya jirani.

Mgikuyu wa Nyeri
Nyinyi mna raha ya kugombana. Kwetu kijana wa kwanza anabeba jina la babake mume, wa pili la babake mke. Wasichana vilevile, cucu, yaani nyanya, wa upande wa baba kwanza. Tumezaliwa wavulana watano kwetu na kila mmoja akajaliwa kijana, kwa hivyo tuna Njoroge watano. Krismasi ukiita Njoroge pale uani wanakuja watano na mbwa wa sita. Tunawatenganisha kwa baba zao: Njoroge wa Kamau, Njoroge wa Mwangi, hivyo. Uhuru wetu uko kwa jina la ubatizo pekee, na hapo ndipo watu hujiachilia.

Lakini kuna kitu sijaona mkitaja. Msichana wangu wa kwanza ana jina la mamangu, Wanjiku. Tangu azaliwe namwita maitu, yaani mama. Mamangu alituacha 2019. Juzi huyu mdogo akanikemea kwa kuacha viatu mlangoni. Niliomba msamaha, nikaviondoa, nikafika chumbani ndipo nikakumbuka ni nani alimzaa mwingine.

Baba Mtarajiwa
Mkuu, Mungu aepushe mama yangu asiione hii.

Tabu Zangu
Mimi jina langu la kuzaliwa ni Tabu. Mama alishikwa na uchungu siku tatu. Kijijini kwetu Handeni halikushtua mtu, tulikuwa na Shida, Mashaka, Masumbuko, hata Sikujua, na wote tulicheza rede pamoja. Nilipohamia mjini na kuokoka, mchungaji akasema jina linavuta mambo. Nikabatizwa Neema.

Hapo ndipo tabu zikaanza. Cheti cha kuzaliwa Tabu, cheti cha kidato cha nne Tabu, kitambulisho cha taifa nimejiandikisha Neema. Mume wangu alipofariki nikaenda kufuatilia mafao, wakaniambia mjane aliyeandikwa kwenye faili ni mtu mwingine. Kiapo kwa wakili, hati ya kubadili jina, nauli ya kwenda na kurudi mara tatu. Kijana wa kaunta akaniuliza, "Mama, sasa wewe ni Tabu au Neema?" Nikamwambia kwa leo andika Tabu.

Dukani wateja wananiita Mama Neema. Wanadhani nina binti anaitwa hivyo, kuna mmoja hata alimletea zawadi ya sikukuu. Mleta mada, la kawaida au la ajabu ni juu yenu, ila mkishaliandika kwenye tangazo la kizazi muwe mmeshakubaliana. Kubadilisha baadaye si mchezo.

Jaduong wa Kisumu
Kwetu jina huchaguliwa na saa. Alfajiri ni Omondi au Amondi, mvua ikinyesha Okoth au Akoth, usiku Otieno au Atieno, na kadhalika. Sasa sikilizeni. Mke wangu alipangiwa upasuaji saa nne asubuhi. Tukajua basi ni Anyango, mamangu akapiga simu nyumbani, Anyango anakuja. Saa nne ikaingia dharura, tukasogezwa hadi saa sita. Nikapiga simu: ni Achieng. Ikaingia dharura nyingine. Mtoto alitoka jua likielekea kuzama, Adhiambo. Shangazi mmoja aliyekosa simu ya mwisho anamwita Achieng hadi leo na hataki kusahihishwa.

Na kuhusu majina ya msimu: mpwa wangu ni wa Novemba 2008, anaitwa Obama. Si peke yake, mnaukumbuka ule mwezi. Shida yake ni moja tu, hawezi kudanganya umri.

Bi Mdogo wa Makunduchi
Assalaam alaykum. Mie mwanangu ni Vuai, wajina wa babu yake. Siku ya saba tukamfanyia akika, jina likatajwa, hakuna aliyeinua hata ukope. Unguja kusini ukiita Vuai barazani wanageuka watatu, kama ilivyo kwa Makame na Haji na Pandu. Ni jina lililochoka, khasa, na mie nilitaka Rayyan.

Kisha mume akapata kazi Dodoma. Siku ya kwanza ya shule mwanangu akarudi amefurahi, walimu wote wamemuuliza jina lake linatoka wapi, na wenziwe wanataka kuitwa Vuai na wao. Rayyan wako wawili darasa hilo hilo. Nikamhadithia mama mkwe, akacheka mpaka akakohoa.

Kungu ya Rungwe
Naunga mkono. Naitwa Atupele. Tukuyu ukilirusha jiwe linampata Atupele, na likimkosa linampata Lusajo au Ipyana. Kinyakyusa ni "ametupa", kwamba Mungu katupa huyu mtoto. Nilipopangiwa kazi Tanga, kila nikijitambulisha naulizwa, "Atupe nini?" Mwaka wa sita huu. Nimezoea kujibu, "Atupe hela."

Mvuja Jasho
Hahaha, atupe hela!

Shija Mwenyewe
Wasukuma mnielewe, wengine niwaeleze: Shija ni anayewafuata mapacha. Kwa hiyo nikijitambulisha tu Mwanza, swali la kwanza ni Kulwa na Doto wako wapi. Kulwa yuko Kahama, ana mashine ya kusaga. Doto alifariki ana miezi minne. Nyumbani hakuna picha yake, zamani hizo nani alikuwa na kamera. Kuna wakati mama alikuwa akiniita shambani, "Shijaaa," namwona baadaye amesimama tu anaangalia chini. Utotoni nililichukia jina kwa sababu ya lile swali. Siku hizi naulizwa na ninajibu wote wawili, mmoja Kahama, mmoja kaburini Misungwi, maana nisipoulizwa mimi hakuna atakayemtaja.

Mtu wa Bukavu
Kwetu watoto wa tumbo moja wanaweza kila mmoja kuwa na jina lake la mwisho, hatufuati ukoo kama nyinyi. Ila serikali iliwahi kutuchagulia. Baba alibatizwa Jean-Pierre. Mwaka 1972 Mobutu akakataza majina ya Kizungu, yeye mwenyewe akaacha Joseph-Désiré, na baba akabaki Cikuru kwenye kila karatasi. Bibi aliendelea kumwita Zampiya, jikoni, sauti ya chini. Miaka mingi baadaye yaliporuhusiwa tena, padri akamwita Jean-Pierre mbele ya kanisa na baba hakugeuka. Alikuwa amelisahau.

Mimi wangu nimewaita Bahati na Furaha. Ukiyaita pale soko la Kadutu, nusu ya soko inaitika. Sijuti.

Mzee wa Hesabu
Wote mnazungumzia mtoto, hakuna anayezungumzia wajukuu. Tanzania tunaandika jina lako, la baba, la babu. Ukimwita mwanao wa kiume Jayden leo, mjukuu wako atakuwa fulani Jayden, na kitukuu atasimama siku moja kuapishwa kuwa jaji kwa ubini wa Jayden. Mimi wa kwangu niliwapima kwa kipimo hicho. Niliandika jina la mwisho kwenye karatasi na neno "Mheshimiwa" mbele yake, nikalisoma kwa sauti bafuni. Princeton aliangukia hapo. Lakini kwa mleta mada hili halimhusu, huyo ni binti, jina lake haliendi kwa mtu. Mpeni lolote.

Dada wa Korogwe
Mzee wa Hesabu, shikamoo kwanza, halafu soma tena ulichoandika. "Jina lake haliendi kwa mtu." Ndiyo maana bibi wa Tabora hajauliza mtu!

Taja jina la baba wa babu yako. Umelipata, liko kwenye vyeti vya ukoo mzima. Sasa taja jina la mama wa bibi yako. Mimi nilijaribu hili kazini, watu kumi na moja, wawili tu waliweza, na mmoja wao ni kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyepewa. La mwanamke halikai kwenye ubini wa yeyote. Asiporudishwa kwa mjukuu, ameishia kwenye msalaba wa mbao, na mbao huliwa na mchwa. Mimi ni Semeni, wajina wa bibi mzaa mama. Nililikimbia chuo kizima, nikajiita Samantha. Msinicheke.

Mzee wa Hesabu
Marahaba, mwanangu. Nimekaa hapa dakika ishirini natafuta jina la mama wa bibi. Nimempigia dada yangu mkubwa, naye hajui.

Kungu ya Rungwe
Samantha, hujambo?

Dada wa Korogwe
Nilisema msinicheke.

Mwalimu wa Zamu
Mleta mada amepotea wiki ya tatu hii. Ama amejifungua ama amefukuzwa nyumbani.

Baba Mtarajiwa
Wakuu, nipo. Mama na mtoto wazima, kilo tatu na gramu mia mbili.

Ile ya Dada wa Korogwe nilimsomea mke wangu kitandani. Hakusema kitu. Asubuhi akaniuliza mama wa bibi yangu aliitwa nani, nikanyamaza, naye akasema wa kwake pia hamjui. Tukaliacha hapo.

Mtoto alizaliwa saa nane mchana, jua la kupasua mawe. Nesi akaja na karatasi, mke wangu akasema Anna, nami nikasema Anna, kwa sababu mtu aliyetoka kwenye uchungu ule hubishani naye. Nikampigia mama Tabora. Nikamwambia kwa upole kwamba mjukuu amefika, anaitwa Anna, na kwamba Chausiku lisingemfaa, mama, kwa sababu kazaliwa mchana kweupe. Mama akasema, "Sawa, baba. Subirini usiku uingie."

Leo ni usiku wa kumi na tisa. Mchana mtoto analala kama gogo, hata muadhini hamwamshi. Jua likizama anafumbua macho. Jana mke wangu kanipiga kiwiko gizani akasema, "Amka, Chausiku wako analia," na sote wawili tukanyamaza kidogo baada ya hapo. Naandika hii saa tisa usiku, nimembeba begani, ananitazama.