Wahadhiri 40, wiki 8 kabla ya muhula: mafunzo ya kufundisha mtandaoni yapangwe vipi?

Mratibu_Mafunzo
Habari za kazi wadau. Naomba msaada wa wenye ujuzi. Wahadhiri 40 watafundisha mtandaoni muhula ujao na zimebaki wiki 8. Tunatumia Moodle, mfumo wa kuendeshea kozi mtandaoni. Semina ya siku moja imeshafanyika, vitufe vyote vikaonyeshwa, vyeti vikatolewa. Lakini ukifungua kozi zenyewe unakuta rundo la PDF, kipindi cha moja kwa moja cha saa 2 ambacho mhadhiri anazungumza peke yake, na mtihani mmoja mwishoni. Tuite semina nyingine au kuna njia bora? Na wasaidizi ni 2 tu, wawahudumie vipi watu 40 bila kuelemewa?

Msanifu_Kozi
Mwalimu, semina nyingine ya aina ileile italeta matokeo yaleyale. Mhadhiri anatoka pale akijua jaribio linavyoundwa, ila hajui aliweke wiki gani wala limpime mwanafunzi kitu gani. Akikaa mbele ya kozi yake tupu anapakia alicho nacho tayari, yaani slaidi na PDF. Geuza mpango: kila mhadhiri aje na kozi yake mwenyewe, na kila wiki aondoke na kipande chake kimekamilika.

Wagawe katika makundi matatu, 13, 13 na 14. Kila kundi lipate wiki 6, saa 5 kwa wiki: saa 1 ya kukutana, 4 za kujenga kozi. Kundi la kwanza lianze wiki ya 1, la pili wiki ya 2, la tatu wiki ya 3. Hilo la tatu litamaliza muhula ukiwa mlangoni, kwa hiyo humo waweke waliokwisha kufundisha mtandaoni. Wenye madarasa makubwa watangulie.

Wiki ya kwanza ya kila kundi, wahadhiri wawe wanafunzi. Mafunzo yaendeshwe ndani ya Moodle hiyohiyo: wawasilishe kazi mbili zenye tarehe ya mwisho, wachangie mjadala, wafanye jaribio kwa simu. Mtu aliyehangaika kutafuta pa kupakia kazi yake ndiye atakayeandika maelekezo yanayoeleweka. Wiki hii usiiruke hata muda ukibana.

Wiki ya pili shughulikieni matokeo ya ujifunzaji, na mnaanzia mwishoni. Wataalamu wa elimu Wiggins na McTighe waliueleza utaratibu huu mwaka 1998: kwanza amua mwanafunzi ataweza kufanya nini, kisha ushahidi gani utaonyesha kwamba anaweza, ndipo uchague shughuli na vya kusoma. Wahadhiri wengi hukwama kwenye kitenzi. "Kuelewa mbinu za sampuli" haipimiki. Andika hivi: "Akipewa maelezo ya utafiti, ataje mbinu ya sampuli iliyotumika na aonyeshe udhaifu wake mmoja." Sentensi hiyo tayari imekupa swali la kazi na nusu ya vigezo vya kusahihisha.

Wiki ya tatu kila mmoja ajenge wiki moja ya kozi yake kikamilifu, iwe kielelezo cha zilizobaki. Hapa ndipo kosa kubwa hutokea: mhadhiri anaongeza video, mjadala na majaribio, lakini hapunguzi chochote, na mwanafunzi anajikuta anabeba kozi moja na nusu. Mlazimishe kuhesabu. Tuseme mwanafunzi ana saa 8 kwa wiki. Video mbili za dakika 7, pamoja na kusimamisha na kuandika, ni nusu saa. Kurasa 20 ngumu kwa dakika 4 kila moja ni saa 1 na dakika 20. Jaribio na marudio yake nusu saa, mjadala saa 1, kipindi cha moja kwa moja saa 1, kazi ya wiki saa 2 na nusu. Hapo umeshakaribia saa 7. Akitaka kuongeza makala ya kurasa 30, atoe kitu kingine.

Wiki ya nne ni tathmini na mrejesho. Ya tano wabadilishane kozi, kila mmoja apitie ya mwenzake kama mwanafunzi, kwa simu, akiandika kila mahali alipokwama. Ya sita ni marekebisho. Kozi nzima haihitaji kuwa tayari siku ya kufungua. Wiki 3 za mwanzo zikamilike, na baada ya hapo mhadhiri awe mbele ya wanafunzi kwa wiki 2 wakati wote.

Fundi_Moodle
Naongeza upande wa mfumo, maana mpango mzuri huharibiwa na mipangilio midogo.

Tengeneza kozi moja ya kiolezo, ihifadhi nakala bila watumiaji (faili litaishia na .mbz), kisha irejeshe kwa kila mhadhiri. Kozi ikiwa ina vitu ndani, chagua kuunganisha, si kufuta yaliyomo. Kitufe cha kufuta hakina kurudi nyuma kama hamna nakala.

Jaribio: muda wa kufunga unashinda muda wa kujibu. Jaribio la dakika 30 linalofungwa saa 12 jioni, mwanafunzi akiingia saa 11 na dakika 50 anapata dakika 10 tu. Malalamiko mengi ya "mfumo umenikatia" yanatoka hapo. Waandikie wazi saa ya mwisho ya kuanza. Hakikisha pia majibu yanawasilishwa yenyewe muda ukiisha, na mwombe msimamizi wa seva athibitishe kwamba kazi za ratiba, yaani cron, zinakimbia kila dakika. Zikisimama, majaribio yaliyoachwa wazi hayafungwi.

Maswali ya nasibu, yaani yanayochaguliwa na mfumo wenyewe, yanahitaji benki ya maswali ya kutosha. Ukitaka kila mwanafunzi apate maswali 10, weka angalau 30 kwenye benki hiyo, yenye ugumu unaolingana.

Mjadala wa watu 120 mahali pamoja hausomeki. Tengeneza vikundi vya watu 8 hadi 10, tumia vikundi vilivyotenganishwa. Hapa kuna mtego: mhadhiri akianzisha mada kwa "washiriki wote", wanafunzi wataiona lakini hawataweza kuijibu. Mada ipelekwe kwenye kila kikundi.

Kufungia wiki ya 4 mpaka mtu afaulu kazi ya wiki ya 3 ni sawa kama mashine ndiyo inayosahihisha. Kama inasahihishwa kwa mkono, darasa zima litakaa mlangoni likikusubiri wewe. Na kwa ukaguzi wa mwisho tumieni akaunti halisi ya mwanafunzi wa majaribio. Kubadili nafasi kuwa mwanafunzi ndani ya akaunti ya mwalimu hakuonyeshi kila kitu kama anavyokiona mwanafunzi.

Sauti_na_Picha
Kuhusu video. Watafiti Guo, Kim na Rubin walichambua video za edX, jukwaa la kozi za mtandaoni, mwaka 2014 na kukuta kwamba muda wa kutazama kwa kawaida hauvuki dakika 6, hata video iwe ndefu kiasi gani. Kwa hiyo rekodi wazo moja kwa video moja. Mhadhara wa dakika 50 hauwi video 7 kwa kuukata kwa kisu. Kila kipande kiwe na swali lake mwanzoni na jibu mwishoni.

Ukubwa wa faili ni hesabu tu. Dakika 10 kwa kilobiti 5,000 kwa sekunde, kiwango cha kawaida cha picha kali ya 1080p, ni MB 375. Ukishusha hadi 480p, picha kilobiti 700 na sauti 64, unapata karibu MB 57, na slaidi zenye herufi kubwa bado zinasomeka. Sauti peke yake kwa kilobiti 64 ni MB 4.8. Toa zote mbili, video na sauti, ili mwenye bando dogo asikose somo. Video zisipakiwe ndani ya kozi. Ziweke kwenye huduma ya video kisha ubandike kiungo, vinginevyo nakala ya kozi inakuwa nzito mno kurejeshwa.

Kipaza sauti kikae sentimita 15 hadi 20 kutoka mdomoni, kidogo pembeni, ili pumzi ya "p" na "b" isipige. Chumba chenye pazia na viti vya vitambaa ni bora kuliko ofisi tupu yenye vigae. Usitaje tarehe wala "Jumatano ijayo" ndani ya video, utalazimika kuirekodi upya muhula unaofuata. Manukuu yanayojitengeneza yenyewe yapitiwe, kwa sababu hukosea hasa istilahi, na istilahi ndiyo somo lenyewe.

Mratibu_Mafunzo
Asanteni sana, hili la saa za mwanafunzi sikuwa nimelipanga kabisa. Bado mawili. Wahadhiri wa hisabati wanasema somo lao linahitaji ubao na saa 2 za moja kwa moja, vinginevyo halifundishiki. Na lile la wasaidizi 2.

Msanifu_Kozi
Wa hisabati wana hoja, wasikilizwe. Hesabu inafundishwa kwa kuonekana ikiandikwa hatua kwa hatua. Dawa ni mkono uonekane: kishikwambi chenye kalamu, au simu iliyofungwa juu ya karatasi ikitazama chini, taa ikitoka kushoto kwa anayeandika kwa mkono wa kulia ili kivuli kisifunike mstari. Wanafunzi wapige picha kazi zao, waziunganishe kuwa PDF moja, wapakie.

Ila saa 2 za kusikiliza hazihitajiki. Maelezo yaende kwenye video fupi, kipindi cha moja kwa moja kiwe dakika 60. Dakika 10 za mwanzo: maswali matatu ya jaribio yaliyokosewa na wengi. Kisha 15, mfano mmoja unaofanywa wote pamoja, mhadhiri akisimama kila hatua kuuliza inayofuata. Halafu 20 kwenye vyumba vidogo vya watu 3 au 4, swali moja tu, na 15 za kurudi na kulinganisha njia. Vyumba vidogo hufa kwa sababu moja: maelekezo yanatolewa kwa mdomo kabla ya kuingia, wakifika kila mtu amesahau. Yaandike kwenye waraka wa pamoja, na kila chumba kiwe na ukurasa wake. Mhadhiri akiuona ukurasa mtupu baada ya dakika 4 anajua aingie chumba gani.

Dawati_la_Msaada
Wasaidizi 2 wanatosha ikiwa hawajibu kwenye ujumbe binafsi. Swali lililojibiwa faraghani litaulizwa mara 15. Fungueni jukwaa moja la maswali, na kliniki ya msaada ya saa 1 mara mbili kwa wiki, siku na saa zisizobadilika. Kila swali liandikwe kwenye daftari la pamoja. Likijirudia mara ya tatu, liandikiwe mwongozo wa nusu ukurasa wenye picha za skrini.

Msiwape likizo wiki 3 za mwanzo wa muhula wala wiki ya jaribio la kwanza. Maswali hujaa hapo. Kila idara itoe mhadhiri kinara mmoja wa kujibu wenzake, na apunguziwe vipindi. Asipopunguziwa, kufikia wiki ya 5 ameacha kujibu, na hana kosa.

Msanifu_Kozi
Na cheti, Mwalimu, kitolewe baada ya kozi kukaguliwa, si baada ya kuhudhuria. Wiki ya 4 ya muhula kila darasa liulizwe maswali matatu bila majina: nini kinakusaidia kujifunza, nini kinakukwamisha, ubadilishe nini kimoja. Mhadhiri arudishe majibu kwa darasa ndani ya siku 7, akisema kipi anabadilisha na kipi anakiacha na kwa nini.

Ukaguzi wa kozi kati ya wenzao usiingie kwenye faili la kupandishwa cheo. Ukiingia tu, watu watamchagua rafiki wa kuwakagua na wataonyesha wiki yao nzuri kuliko zote. Wakutane kwanza dakika 15, mwenye kozi ataje jambo moja linalomsumbua, kwa mfano kwa nini mjadala hauendi. Mkaguzi asome wiki 2 tu za kozi, kwa jicho la jambo hilo, alete ushahidi: michango mingapi, nani alijibiwa, swali liliulizwaje.

Mratibu_Mafunzo
Na mkaguzi akikuta tatizo lingine kubwa zaidi ya aliloambiwa?

Msanifu_Kozi
Kama linamzuia mwanafunzi, mfano kiungo kilichokufa au jaribio lisilofunguka, alitaje siku hiyohiyo. Mengine ayaandike pembeni, mwenye kozi akiyaomba apewe.