Neno "mbolea" asili yake nini? Mama mkwe na muuza pembejeo hawaelewani

Mama Matuta (Mwandiga, Kigoma):
Habarini wakuu. Nina matuta ya mchicha na matembele nyuma ya nyumba. Juzi nimerudi na UREA kutoka dukani, mama mkwe akachungulia zile punje nyeupe, akasonya. "Hiyo chumvi. Mbolea ile pale," akaninyooshea lundo lake la makapi ya mawese na majani ya migomba. Muuza pembejeo naye ukimtajia mbolea anakuuliza tu, ya kupandia au ya kukuzia? Lundo kwake ni takataka. Sasa nani kashika neno lenyewe? Na samadi na mboji zinaingia wapi? Nataka mjuzi wa lugha, wenye matangazo ya dawa piteni mbali.

Mzee wa Kasulu:
Msalimie mkweo, ana hoja. Sisi Waha kitu kikioza tunasema kubora. Warundi vivyo hivyo, na mbolea ya kuozesha majani wanaiita imborera. Weka l penye r uone unapata nini. Kwenye Kiswahili uhusiano huo umejificha kwa kuwa kitenzi kimedondosha b: embe limeoza, lakini ni embe bovu. Ndiyo ile ile ya kuiva na -bivu. Kwa hiyo mbolea kwa asili ni mambo ya kuoza. Za kiwandani zimekuja baadaye zikapewa jina hilo hilo, watu wakaongeza "ya chumvichumvi" kuzitofautisha, hivyo mkweo hata hakukosea kuiita chumvi.

Samadi ni Kiarabu, samād, mbolea kwa jumla. Sisi tumeliachia mavi ya mifugo. Mboji ni hilo lundo likishakuwa tayari: jeusi, linamung'unyika mkononi, ukinusa ni udongo ulionyeshewa. Likinuka uvundo, hiyo bado si mboji.

Kijana wa Sikonge:
Kinyamwezi ni kubola, mzee yuko sahihi. Ila huku Tabora ukisema mbolea mtu anawaza mifuko ya dukani ya kukuzia tumbaku, basi. Na tusidanganyane, UREA ina naitrojeni, chakula cha kukuza majani, asilimia 46, lundo la bibi halifiki hata tano. Mchicha hauli historia.

Mzee wa Kasulu:
Sikatai, kijana. Lakini kwenye kichanga chenu mvua moja kubwa inaishusha hiyo naitrojeni chini mizizi isikofika. Mboji inashika maji na chakula pamoja. Mwenye akili anatumia zote mbili, UREA kidogo kidogo. Kuhusu jina, limeshapanuka, ukisema mbolea ya dukani hakuna wa kukusahihisha zaidi ya mama mkwe wa watu.

Mama Matuta:
Nimemsomea, anatamba uani hapa kama kashinda kesi. Haya, lundo lenyewe lilitoa moshi asubuhi nilipolifukua, na makapi bado yana mafuta. Niweke kwenye matuta?

Mzee wa Kasulu:
Usiweke. Huo ni mvuke, bado linaoza. Chomeka fimbo hadi katikati, iache kidogo, uichomoe uishike palepale ilipozama. Ikiwa ya moto, ligeuze, linyunyizie maji, lifunike na majani ya mgomba. Makapi yenye mafuta yakikaa peke yake yanachelewa sana, changanya na mavi ya mbuzi na majani mabichi. Fimbo ikitoka ya baridi hata baada ya kuligeuza, ndipo ubebe karai.