Tupeane uzoefu: uyoga wa kula chini ya misonobari, Limuru hadi Kinale

Kibuyu_cha_Maji
Wadau, vuli imeshika na maswali ni yale yale: huu uyoga unaochomoza chini ya misonobari kule Limuru, Uplands na Kinale, nchini Kenya, unaliwa au unaua? Tupeane uzoefu. Atakayechangia aseme mti gani, majira gani, anautambuaje na anaupikaje. Usiweke picha ya kofia peke yake ukauliza kama unaliwa. Tuonyeshe chini ya kofia, bua lote hadi lilipozama udongoni, na mti uliosimama hapo. Msitu wa Karura, Nairobi, tuuache nje ya mjadala. Kule ni pa kutembea, si pa kuchuma.

Sindano_Tatu
Nianze na mti, maana wengi hutazama chini kabla ya kutazama juu. Misitu ya kupandwa ukipita Limuru ina msonobari na saipras, na kwa mbali mtu huona ni kitu kimoja. Msonobari wa huku mwingi ni *Pinus patula*, asili yake Mexico: sindano ndefu zinazoning'inia, zimefungwa tatu tatu (mara nyingine nne), na gome la juu lina wekundu na linachunika karatasi karatasi. Saipras haina sindano, ina vijani vidogo vya magamba, na matunda yake ni ya mviringo, magumu.

Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama utarudi na kitu kapuni. Uyoga tunaoufuata huishi kwa kubadilishana na mizizi ya msonobari: kuvu (nyuzi za uyoga zilizo ardhini) huuletea mti maji na madini, mti huilipa sukari. Saipras ina ushirika na kuvu za aina nyingine kabisa, zinazobaki ardhini bila kutoa uyoga wa kuchuma. Podo na mtarakwa wetu wa asili ni vivyo hivyo. Ukijikuta umezungukwa na saipras tupu, hamia upande mwingine, nauli isiende bure.

Misonobari ilipoletwa Afrika, kuvu zake zilikuja na udongo wa mizizi; miche iliyokosa kuvu hizo ilidumaa na kugeuka manjano. Kwetu ni nafuu, kwa sababu aina zilizokuja ni chache na za kujifunza si nyingi. Lakini wenye sumu nao walipanda meli hiyo hiyo.

Wa_Escarpment
Majira: hesabu kuanzia mvua iliyozama, si manyunyu. Siku 10 hadi 14 baada ya hapo ndio wakati wa kwenda. Za kutegemea ni masika, Machi hadi Mei, na vuli, Oktoba hadi Desemba. Ukungu wa Julai unadanganya watu: sindano za juu zinang'aa maji, ukifukua kwa kidole unakuta chini pakavu. Kama sentimita tano chini hapana unyevu, geuza.

Mahali: miti michanga kiasi, ya miaka mitano hadi kumi na mitano hivi, ndiyo inayotoa zaidi. Katikati ya msitu mzee sindano zimelala tabaka nene na giza limezidi. Fuata kingo, njia za magogo, na pale matawi yalipopogolewa mwanga ukaingia. Usitafute kofia, tafuta uvimbe: sindano zilizoinuka kidogo bila sababu. Inua taratibu. Ukipata mmoja, simama hapo hapo uchunguze mita mbili tatu kila upande, kwa kuwa hukaa kwa makundi na utakanyaga wenzake.

Msichume pale ambapo bado kuna viazi katikati ya miche. Wakulima wa PELIS, mpango wa kulima vyakula kati ya miche ya msitu wa serikali, hupulizia viazi dawa ya baka, na dawa haichagui. Pia kaa mbali na barabara kuu ya Nakuru na viwanja vya kutibu nguzo za mbao kwa dawa. Uyoga hufyonza metali nzito kutoka udongoni, na hakuna upishi unaoziondoa.

DadaLimuru
Wa kuanzia ni mmoja tu, uyoga wa sponji, *Suillus granulatus*. Alama zake, na zote lazima ziwepo:

Kofia sentimita 4 hadi 10, kahawia ya kutu hadi ya machungwa, utelezi ukiwa umelowa, na ngozi yake unaweza kuivua kwa kucha. Chini ya kofia hakuna matamvua, zile kurasa nyembamba za uyoga wa dukani. Kuna sponji ya manjano hafifu yenye vitundu vidogo. Ukiwa mchanga, vitundu hutoa matone meupe kama maziwa. Bua ni la manjano iliyopauka, sehemu ya juu lina vidoadoa vidogo kama chembe za mchele, na halina pete. Chini bua linaisha tu, halina kifuko. Ukiukata, nyama ni nyeupe hadi manjano na haigeuki buluu.

Ukibadilika buluu, au sponji yake ikiwa nyekundu, uache. Kuna wa buluu wanaoliwa kwingineko duniani, lakini hiyo si kazi ya anayeanza.

Jiko_la_Makaa
Na ule unaofanana nao lakini una pete?

DadaLimuru
Pete yenye rangi ya zambarau upande wa chini, kofia kahawia iliyokolea, sponji ya manjano: huyo ni *Suillus luteus*, ndugu yake. Unaliwa, ila ngozi yake ndiyo sumbufu zaidi tumboni. Ivue yote, usibakize hata kipande.

Mpima_Sumu
Sasa upande wa pili, na tusiufupishe.

Chini ya msonobari, chochote chenye matamvua meupe kiacheni, hata kiwe kizuri vipi. Mwekundu wenye madoa meupe, *Amanita muscaria*, watu wanaujua. Wasichojua ni kwamba mvua kubwa husafisha madoa yote na jua hufifisha wekundu ukawa machungwa au manjano. Dalili huanza baada ya nusu saa hadi saa mbili: kuchanganyikiwa, kutapika, usingizi wa ajabu.

Anayeua ni mwingine, *Amanita phalloides*. Kofia kijani-manjano iliyopauka, wakati mwingine karibu nyeupe, pete juu, na kifuko kilichozama udongoni. Nchini Tanzania umerekodiwa chini ya misonobari, kwa hiyo msiseme ni habari za Ulaya. Ukikata bua kwa kisu juu ya ardhi, kifuko kinabaki chini na alama muhimu kuliko zote umeiacha huko. Ule usioujua fukua wote kwa ncha ya kisu. Nusu ya kofia inaweza kumuua mtu mzima. Kuchemsha, kukausha na kugandisha havipunguzi sumu yake.

Ujanja wake uko kwenye saa. Unakula jioni, unalala vizuri, tumbo linaanza kukukata saa 6 hadi 12 baadaye au zaidi. Halafu kuhara kunapungua, unajiona umepona, na siku ya tatu ini linaharibika. Kutapika kunakochelewa namna hiyo ni dharura, hata kama mgonjwa anasema nafuu imekuja. Hospitali nendeni na mabaki ya chakula na uyoga mmoja mbichi, mkitaja saa mliyokula.

Na yale ya kijiko cha fedha kinachogeuka cheusi, kitunguu saumu, au "kima wameula", yatupeni. Hakuna linalotambua sumu hii.

Saipras_na_Nyasi
Niongeze kwa wanaokaa mjini. Uyoga mweupe mkubwa wa kwenye nyasi za estate na viwanja vya shule, kofia yenye magamba ya kahawia katikati, mara nyingi ni *Chlorophyllum molybdites*. Huo haujali mti. Ukiwa mchanga matamvua ni meupe, baadaye huwa kijani chafu. Hauui kwa kawaida, lakini utatapika usiku kucha.

Kwa aina yoyote, piga chapa ya vumbi, yaani mbegu ndogo zinazodondoka kutoka chini ya kofia: kata bua, laza kofia juu ya karatasi nusu nyeupe nusu nyeusi, funika na bakuli, acha usiku mzima. Wa sponji hutoa vumbi la kahawia, *Amanita* jeupe, huyu wa nyasi kijani. Kama hakuna chapa iliyotokea, uyoga ulikuwa mchanga mno au mzee mno; hiyo haikupi ruhusa ya kukisia.

Kuna pia mweupe wa jamii ya *Agaricus* unaopenda kukaa karibu na ua wa saipras. Kwaruza kitako cha bua kwa ukucha. Kikigeuka manjano kali papo hapo na harufu yake ni ya wino au dawa ya kuulia viini, tupa. Ukifika kwenye sufuria harufu inazidi.

Msimamizi_wa_Njia
Kabla ya kisu, kibali. Chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya 2016, mazao ya msitu wa serikali hayachukuliwi bila idhini. Pita kituo cha KFS (Huduma ya Misitu Kenya) cha eneo husika, ulizia pia chama cha wanajamii wa msitu ule; mara nyingi wao ndio wanaojua kipande gani kinakatwa miti wiki hiyo. Risiti iwe mfukoni, si kwenye gari. Na msiingie peke yenu wakati wa ukungu, mistari ya misonobari inafanana kila upande.

Jiko_la_Makaa
Kwa kuwa mmenijibu, nami nilipe kwa upande wa jikoni.

Vueni ngozi pale pale msituni uyoga ukiwa mkavu. Nyumbani utelezi umeshasambaa kila mahali na umebeba sindano na mchanga. Vidole vitageuka kahawia, vitatoka baada ya siku mbili. Pasua kila mmoja kwa urefu: bua likiwa na vijia vya funza hadi kwenye kofia, tupa. Sponji ikiwa laini kama uji, ichomoe kwa kidole gumba. Ikiwa ngumu iache. Bebeni kwenye kikapu. Kwenye mfuko uliofungwa huvuja maji na kuoza kabla hujafika Westlands.

Kupika: kata vipande vya nusu sentimita, weka kwenye sufuria kavu, moto mkali, bila mafuta. Utatoa maji mengi. Yachemke yaishe, dakika 8 hadi 10. Hapo ndipo mafuta, kitunguu na chumvi viingie, dakika 10 nyingine. Ukianza na mafuta, unapata uyoga uliochemkia maji yake, mtelezi, na watoto hawautaki. Anayeula mara ya kwanza ale vijiko viwili vitatu, aina moja tu, bila pombe, angoje siku nzima.

Wa_Escarpment
Na wa kukausha?

Jiko_la_Makaa
Vipande vile vile, kwenye chekecheke au wavu, kivulini penye upepo, au oveni nyuzi 45 hadi 50 mlango ukiwa wazi kidogo. Limuru kwenye unyevu usitegemee jua peke yake, utaota ukungu siku ya pili. Kilo moja mbichi hubaki kama gramu 100. Kipande kikivunjika kwa mlio, weka kwenye chupa yenye kifuniko cha kubana. Kikipinda, kirudishe kwenye wavu.