Ukoo wa Makorora, Tanga: swali la Mwanaisha

Mwanaisha: Shikamooni wote. Kaka Salimu upo? Nina swali la kemia, nimekaa nalo tangu asubuhi haliingii. Kwenye jedwali la elementi ukitoka sodiamu kwenda klorini elektroni zinaongezeka, sasa mbona atomu inakuwa ndogo?? si ilitakiwa itanuke

Shangazi Zuhura: Marahaba mwanangu. Salimu mjibu mdogo wako huyo, mtihani unakaribia

Baba Mdogo: Marahaba. Mi niko huku kwenye chumvi ila nawasoma

Salimu: Nipo, ndo natoka darasani. Shikamoo Shangazi, shikamoo Baba Mdogo. Mwanaisha hilo ndo swali lenyewe, ukilielewa hilo mengine yote ya trendi utayatoa mwenyewe. Usihesabu elektroni peke yake, angalia na kiini. Sodiamu ina protoni 11, klorini 17. Elektroni za sheli (matabaka ya elektroni) za ndani zote mbili zina 10, hizo 10 ndo zinakinga za nje zisivutwe na kiini chote. Sasa 11 toa 10 inabaki 1, 17 toa 10 inabaki 7

Salimu: Kwahiyo ya nje ya sodiamu inavutwa kama na chaji 1 hivi, za klorini zinavutwa na 7, na zote ziko sheli ya tatu, hamna sheli mpya iliyoongezwa hapo. Lazima zisogee ndani. Rediasi ya sodiamu pikomita 186, klorini 99 tu

Mwanaisha: aaah kumbe zinazoongezeka zinaingia sheli ileile hazikingani

Salimu: Zinakingana kidogo sana. Ila ukishuka chini kwenye grupu, yaani safu ya wima ya jedwali, kila hatua sheli mpya, lithiamu 152, sodiamu 186, potasiamu 227. Ya nje iko mbali, inachomoka kirahisi, ndo maana lithiamu ukiitia majini inaelea inatoa mapovu taratibu lakini potasiamu inawaka palepale moto wa zambarau

Baba Mdogo: Salimu hiyo sodiamu ndo hii ya kwenye chumvi? Mbona sisi tunaianika kwenye majaruba, mvua ikija inayeyuka tu haiwaki

Salimu: Ndo hiyohiyo Baba Mdogo, ila kwenye chumvi ile elektroni moja ya nje imeshaitoa, klorini imeipokea. Haina tena cha kutoa, imetulia

Bibi: Na madini joto wanayotia kwenye chumvi nayo ni ya humo humo

Salimu: Shikamoo Bibi. Ndiyo, ni ayodini, grupu moja na klorini, iko chini yake. Flurini na klorini gesi, bromini kimiminika, ayodini kitu kigumu cheusi kinang'aa, kadiri atomu inavyokuwa kubwa molekuli zinazidi kushikana. Kwenye chumvi hawaitii hivyohivyo, wanatia potasiamu ayodeti maana inahimili joto na unyevu. Hata hivyo Bibi kopo la chumvi lifunike, na lisikae karibu na jiko

Bibi: Marahaba mjukuu wangu, nalifunika

Mwanaisha: Kaka hapo kwa halojeni, hilo grupu la klorini, ndo pananichanganya kabisa. Grupu la kwanza ukishuka ukali unazidi, halojeni ukishuka ukali unapungua. Tushike lipi

Salimu: Jiulize kazi yake nini. Metali kazi yake kutoa, ya nje ikiwa mbali na kiini inatoka kirahisi. Halojeni kazi yake kupokea, ukienda mbali na kiini mvuto unalegea. Sababu ni moja hiyohiyo. Maabara mwagia maji ya klorini kwenye potasiamu ayodaidi, ilikuwa haina rangi utaona inageuka kahawia hapohapo, hiyo ni ayodini imenyang'anywa nafasi. Ukijaribu kinyume chake hakuna kitu

Mwanaisha: 👏🏾 sasa la mwisho. Nishati ya ayonaizesheni, ile ya kung'oa elektroni moja ya nje, kwa kilojuli kwa moli: sodiamu 496, magnesiamu 738, aluminiamu 578. Imeshuka! na kitini kimeandika inaongezeka kwenda kulia

Salimu: Vitini vya hivyo vinaniuma sana, mtoto anakariri mstari mmoja halafu namba inamkana kwenye mtihani. Kwa ujumla inaongezeka ndiyo, ila sheli ya tatu ina vyumba vya 3s na 3p, elektroni ya aluminiamu inayotoka iko 3p, iko juu kidogo kinishati na zile mbili za 3s zinaikinga, inatoka kwa urahisi. Fosforasi 1012, salfa 1000, hapo salfa ina elektroni mbili za 3p kwenye obito (chumba) moja zinasukumana. Mabonde yote mawili yana sababu zake, uziandike

Shangazi Zuhura: Na nani alikaa akapanga yote haya jamani

Salimu: Mendeleev, Mrusi, mwaka 1869 Shangazi. Hakujua habari za protoni wala elektroni lakini aliacha nafasi wazi, akaeleza elementi itakayokaa chini ya aluminiamu itakuwaje, na 1875 ikapatikana Ufaransa, ikaitwa galiamu. Inayeyuka nyuzi 29.8, ukiiweka barazani hapo mchana wa mwezi wa pili inakuwa maji

Shangazi Zuhura: Subhanallah

Salimu: Mwanaisha chora grafu sodiamu mpaka agoni. Silikoni 786, klorini 1251, agoni 1521. Halafu weka na potasiamu, 419. Kwanini imeanguka hivyo?

Mwanaisha: protoni zimeongezeka lakini elektroni imeingia sheli ya nne, na 18 za ndani zinaikinga. Inabaki 1 kama sodiamu, ila iko mbali zaidi

Salimu: Hapo hapo. Ukimaliza piga picha nitumie