Mafundi mnaoweka programu za kraki (za wizi, zilizovunjwa leseni) na kukaa kimya, mmenitia hasara mimi na wateja wangu

Wakuu, heshima kwenu.

Siku tisa nimehangaika kuweka programu ya dizaini kwenye kompyuta yangu ya mezani. Programu halali, nimeilipia kwa hela yangu mwenyewe. Siku tisa! Jana saa nne usiku ndipo nilipojua kwamba shida haikuwa intaneti, haikuwa mashine, wala haikuwa programu yenyewe. Shida ni fundi aliyeniuzia kompyuta na mambo aliyoyafanya ndani yake bila kuniambia. Nina hasira na sitaificha.

Nina steshenari ndogo hapa Morogoro. Natoa kopi, naskani, nachapa barua, napiga picha za pasipoti. Lakini kinacholipa kodi ya fremu ni kadi: za michango, za harusi, za kipaimara. Mwezi wa pili nilishuka Kariakoo nikanunua mashine iliyotumika, zile zinazotoka Ulaya. Core i5 ya kizazi cha nne, RAM GB 8, SSD ya GB 256, Windows 10. Fundi wa pale dukani akaniambia, "Bosi, humu programu zote za dizaini nimeshakuwekea, wewe kapige kazi tu." Kwa hiyo kazi nikamwongeza elfu thelathini. Sikumuuliza amezitoa wapi, na hilo kosa ni langu, nalibeba. Nikairudisha Morogoro kwa basi nimeipakata njia nzima.

Ilifanya kazi miezi mitatu. Halafu ikaanza kujifunga katikati ya kazi na kuleta ujumbe kwamba leseni si halali. Nikasema basi, nalipa, niheshimike. Nikatengeneza kadi ya malipo kwenye simu, nikalipia usajili wa mwezi, nikaiondoa ile ya zamani, nikaanza kushusha mpya.

Ikashuka. Ikafika asilimia 100. Ikafunguka, nikaona ule ukurasa mweupe wa kuanzia kazi, nikashukuru Mungu. Sekunde chache tu, kikatokea kidirisha: imeshindikana kuthibitisha leseni, angalia intaneti yako. Nikibonyeza kujaribu tena, inajifunga.

Angalia intaneti yako! Wakati huohuo simu ileile inayonipa hotspoti inanionyesha video bila kukwama, na barua pepe zinaingia kwenye kompyuta hiyohiyo. Sasa niangalie nini? Nikabadilisha laini. Nikanunua bando lingine. Nikabeba sistimu yuniti hadi kwa jirani mwenye intaneti ya waya, nayo ikasema vilevile.

Siku ya nne umeme ukakatika, uliporudi kompyuta ikawaka na tarehe ya mwaka 2013, kurasa zote za mtandao zikagoma kwamba saa yangu iko nyuma. Hiyo ilikuwa betri ya mazabodi inayotunza saa ya kompyuta, ile ya duara kama sarafu, CR2032. Shilingi elfu mbili, nikabadilisha, tarehe ikatulia. Nikadhani ndiyo dawa. Haikuwa.

Huduma kwa wateja wa hiyo kampuni ya programu nimeongea nao mara tatu, kwa maandishi. Wa kwanza: ondoa, shusha upya. Wa pili: ondoa, pitisha programu yetu ya kusafisha mabaki, shusha upya. Kila "shusha upya" ni GB kadhaa, na GB mimi nanunua. Wa tatu akaniambia nifute Windows yote nianze moja. Ningefanya hivyo ingepona, sasa hivi najua. Lakini hakuna hata mmoja aliyeniuliza swali moja jepesi: je, kompyuta hii iliwahi kuwekwa toleo la kraki? Hawa watu wanaijua hii hali kuliko mimi. Kwa nini kidirisha chao kinanipeleka kwenye intaneti?

Na muda wote huo kuna mama mmoja, binti yake anaolewa, alishanilipa nusu ya hela ya kadi 250 za mchango. Kadi zilitakiwa kugawiwa kwenye kikao cha kwanza, Jumapili. Alhamisi alikuja akakaa kwenye benchi langu, bahasha ya picha za maharusi mapajani, akawa anaangalia na mimi ile mistari ya asilimia ikipanda. Sitini. Themanini. Mia. Kidirisha. Hakunigombeza. Akasema, "Mwanangu, nirudishie tu niende kwa mwingine, kikao hakinisubiri." Nikamrudishia. Karatasi ngumu za kadi zake nilikuwa nimeshanunua, ziko hapa nyuma yangu mpaka sasa.

Aliyenitoa gizani ni kijana wa kutengeneza simu fremu ya tatu kutoka kwangu. Hana cheti cha kompyuta. Akaniambia, "Kaka, hizi programu zinapofeli huwa zinaandika zimefeli wapi, tutafute." Tukaingia kwenye folda ya mafaili ya muda, tukakuta kumbukumbu ya usakinishaji, mistari mamia. Mwishoni kulikuwa na anwani ileile inayojirudia, programu inaiita haipati jibu. Akafungua kile kidirisha cheusi cha amri, akaandika ping, amri ya kuuliza kama anwani inajibu, na ile anwani.

Jibu likatoka 127.0.0.1.

Kwa msiojua, hiyo ni kompyuta kujipigia yenyewe. Programu yangu ilikuwa inamuuliza mwenye leseni kule ng'ambo, na mashine inageuza swali na kulirudisha humuhumu ndani. Tukafungua C:\Windows\System32\drivers\etc, kuna faili linaitwa hosts, ambalo mashine hulitazama kujua anwani iko wapi. Kwa kawaida mistari yote ya faili hilo huanza na alama ya #, maana yake ni maelezo tu. Langu lilikuwa na mistari 43 isiyo na alama hiyo, anwani za seva za kampuni ile moja baada ya nyingine, zote zimeelekezwa 127.0.0.1. Fundi aliziziba ili kraki yake isikamatwe. Nilipoondoa kraki, mistari ilibaki. Nimelipia programu halali ninaingia nayo kwenye nyumba ambayo mlango wake ulishapigwa misumari!

Tukaifuta. Bado ikagoma. Tukaenda kwenye ukuta wa usalama wa Windows (firewall), upande wa mawasiliano yanayotoka nje, tukakuta amri sita za kuzuia, zote kwa programu hiyo. Tukazitoa, tukawasha upya. Ikafunguka, leseni ikakubali.

Ningeishia hapo ningeandika uzi wa kushukuru. Ila yule kijana akasema tuangalie na antivirusi kabla hatujafunga. Kwenye ulinzi wa virusi wa Windows kuna orodha ya sehemu ambazo umeiambia isizikague. Orodha yangu ilikuwa na kitu kimoja tu: C:\

Diski nzima wakuu. Fundi aliiambia antivirusi ifumbe macho kwa chochote kinachotua kwenye C, ili isimfutie kraki yake. Miezi yote hii kile kialama cha kijani cha usalama kiko pale chini kinaniambia niko salama.

Mimi ni steshenari! Kwa siku napokea flashi kumi, kumi na tano. Vyeti vya shule, namba za NIDA, barua za mahakamani, mitihani ya walimu. Nanakili kwenye deskitopu, nachapa, narudisha. Mwezi wa nne mwalimu mmoja alinilalamikia kwamba flashi yake ikitoka kwangu mafolda yote yanageuka shotikati, yaani vialama vya njia ya mkato tu. Nilimkatalia. Nilimwambia mbele za watu kwamba kaipata kwingine, kwangu kuna antivirusi. Jana tulipoondoa ile C na kukagua mashine nzima, kazi iliyochukua saa mbili na dakika kadhaa, vilipatikana virusi na vitu hatari 11, na kimojawapo ni hicho kirusi cha shotikati. Leo asubuhi nimeenda shuleni kumwomba radhi yule mwalimu. Je, wengine ambao siwajui majina nitawapata wapi?

Nikampigia fundi. Unajua alinijibu nini? "Mkuu, mbona hiyo ni kawaida, ukiweka kraki lazima uzime." Kawaida! Kama ni kawaida mbona hukuniambia siku ile unachukua elfu thelathini yangu? Ungesema neno moja tu: bosi, nimezima hiki na hiki, usipokee flashi za watu kwenye mashine hii. Ningeamua mwenyewe. Fundi wa gari akikata waya wa breki ili taa iwake, halafu akakupa funguo anatabasamu, tungemwita fundi?

Mwenye mashine ya kununua Kariakoo au popote, na programu "zilikuwa zimo", tafadhali fungua leo hiyo orodha ya vitu visivyokaguliwa kabla ya kitu kingine chochote. Ukikuta diski au folda usiyoijua, itoe, kagua mashine nzima. Halafu ndiyo uende kwenye hosts: ifungue kwa Notepad uliyoiwasha kama msimamizi, vinginevyo haitakubali kuhifadhi, na ukimaliza andika ipconfig /flushdns kwenye kile kidirisha cheusi ili mashine isahau anwani ilizokuwa imezikariri. Mwisho ni amri za kuzuia kwenye ukuta wa usalama. Na kama una flashi uliyopitisha steshenari yoyote karibuni, ikague pia, hata kama si kwangu.

Ijumaa nashuka Kariakoo na mashine ikiwa kwenye boksi lake. Nataka elfu thelathini yangu, na nataka fundi anionyeshe mbele ya mwenye duka, kitu kimoja baada ya kingine, alizima nini kingine ambacho sijakiona. Tangu jana usiku hapokei simu yangu.