Bahari, ziwa au bwawa: niogelee wapi baada ya kustaafu?

Mama wa Raskazone
Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Nina miaka 61, nimestaafu ualimu, na tangu utotoni sijawahi kuishi mbali na maji. Nilijifunza kuogelea hapa Tanga, bibi yangu na wenzake walipokuwa wakitanda uduvi kwa khanga kuukuu. Siku bahari iliponiinua, miguu haigusi mchanga na wala sizami, nilipiga ukelele hadi akina bibi wakaachia khanga na uduvi wote ukaenda zake. Sasa binti yangu anataka nihamie kwake Mwanza, na kaka yake aliye Dar es Salaam anasema atanilipia bwawa. Naomba wenye uzoefu mnilinganishie, kwa mtu anayeogelea nusu saa kila siku bila haraka.

Mkaazi wa Mwanza
Shikamoo mama. Ziwa Victoria nalipenda, lakini sitakuficha kwamba tatizo lake kubwa ni kichocho, ambacho baharini hakipo. Konokono wanaokieneza hukaa kwenye maji yaliyotulia yenye majani, karibu na ufukwe, na vimelea hupenya ngozi kwa dakika chache bila wewe kuhisi lolote. Mimi hutoka kwa mtumbwi hadi maji mapana, mbali na magugu maji, na hata hivyo hatari hupungua tu, haiishi. Kwa hiyo kila mwaka hupima choo na mkojo, na nikikutwa nacho humeza prazikwanteli. Waulize pia wavuvi wa mahali hapo kuhusu mamba na viboko kabla ya kulowesha hata kidole. Halafu utashangaa mwili umekuwa mzito, kwa sababu maji yasiyo na chumvi hayakubebi kama bahari, na miguu hushuka usipoipiga.

Mtoto wa Kigoma
Shikamoo mama. Kama ni ziwa, fika Kigoma. Maji ya Tanganyika ni maangavu kiasi kwamba ukitazama chini unawaona samaki wadogo wenye michirizi wakichungulia kwenye mawe. Ila kichocho kipo baadhi ya sehemu, na ziwa lenyewe lina kina cha takribani mita 1,470: mahali pengine unapiga hatua chache tu, chini hakuna tena.

Mwalimu wa Bwawani
Mama, shikamoo. Bwawani maji hayapwi wala hayajai, kina kimeandikwa ukingoni, na mizunguko 20 ya kwenda na kurudi kwenye bwawa la mita 25 ni kilomita moja kamili. Nakubali kwamba aliyezoea upeo wa bahari huchoshwa na ukuta ulio mbele yake kila mara. Jambo moja nalisisitiza kwa sababu niliwahi kufanya kazi mahali ambapo walipuuza: simama upande wenye kina kirefu, na usipoiona sakafu vizuri, usiingie, hata kama umekwisha kulipa.

Nahodha Mstaafu, Unguja
Dada yangu, usiiache bahari unayoijua. Huku kwetu, wakati wa bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti ya maji kupwa na kujaa hupita mita tatu. Paje maji yakipwa unatembea mbali sana kabla ya kufika magotini, ilhali Nungwi unaogelea saa yoyote. Elimu hiyo hujengwa kwa miaka mingi, nawe unayo ya Tanga. Angalia tu mkondo katika milango ya mwamba maji yanapotoka, na ukikuchukua, usishindane nao. Ogelea sambamba na ufukwe hadi utoke.

Mama wa Raskazone
Nawashukuru wote, na kaka nahodha umenigusa. Nimeamua kubaki Tanga. Hata hivyo, aliyoyaandika ndugu wa Mwanza yamenikumbusha kwamba mjukuu wangu wa miaka saba anaishi kando ya ziwa na hajui kuogelea, na hilo silali nalo. Nitakwenda kukaa naye miezi mitatu nimfundishe bwawani, nikianza na kuelea chali, kama nilivyoanza mimi kwenye maji ya kifuani. Nitasafiri bamvua hii ikiisha, maana siku hizi maji yanajaa kwenye saa kumi alasiri, na sitaki kuikosa hata siku moja.