Kusafisha udongo wa mfinyanzi kwa ajili ya vigae: tuanzie wapi?

Swali

Ndugu wanajukwaa, salaam. Tunakusudia kutengeneza vigae vya sakafu kwa udongo unaochimbwa karibu na karakana yetu. Udongo huo unafinyangika vizuri na ukichomwa huwa mwekundu. Hata hivyo, vigae vya majaribio vilivyotoka tanurini vikiwa vizima vilianza kubanduka vipande vidogo usoni baada ya siku chache, na ndani ya kila kishimo kulionekana chembe nyeupe. Naomba kufahamishwa namna ya kuusafisha udongo huu, na kama ni lazima kuondoa pia chuma kinachoupa wekundu.

Jibu la 1

Chembe hizo bila shaka ni chokaa. Vijiwe vya kalsiamu kabonati vilivyomo udongoni, vikifikia joto la nyuzi 800 hadi 900 hivi za Selsiasi, hutoa kaboni dayoksaidi na kubaki chokaa isiyozimwa, ambayo kigae kikishapoa hufyonza unyevu wa hewani, huvimba na kubandua ganda lililo juu yake. Ili kuhakikisha, vaa glavu na miwani, kisha dondoshea bonge la udongo mkavu asidi haidrokloriki iliyozimuliwa: penye kabonati patatoa povu.

Kausha udongo kabisa kabla ya kuuloweka, kwa kuwa mkavu humumunyuka majini upesi kuliko wenye unyevunyevu. Ukoroge mpaka uwe uji mwepesi, kisha uupitishe kwenye chekeche yenye matundu ya mikroni 125 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Vijiwe, mizizi na changarawe vitabaki juu.

Jibu la 2

Nakubaliana na mwenzangu, ila nasisitiza kwamba mchanga usiondolewe wote. Uji ukiachwa utuame, chembe ya mikroni 50 huzama sentimita 10 kwa muda usiofika dakika moja, ilhali ya mikroni 2 huchukua takriban saa 8. Kwa hiyo ni rahisi kumimina sehemu laini na kuacha mashapo, na wengi hupita kiasi. Udongo uliobaki laini mtupu husinyaa mno unapokauka, na kigae kilicho bapa hujikunja pembeni.

Kuhusu chuma, kiacheni. Sumaku hunasa chembe zilizo huru tu, na kile kilichofungamana na madini ya udongo wenyewe hakitoki kwa kuosha. Kukiyeyusha kwa asidi ni gharama inayostahili vigae vyeupe, si vyekundu.

Muulizaji

Nashukuru sana. Maji kwetu ni haba. Je, tunaweza kusaga udongo wote ukiwa mkavu badala ya kuuchekecha majini?

Jibu la 2

Inawezekana, mradi usagwe laini kweli. Chokaa iliyosambaa kama unga huungana na silika (madini yaliyomo kwenye mchanga na udongo) wakati wa kuchoma na haivimbi tena. Katika vigae vya ukutani hata hupunguza kusinyaa, lakini kwa vya sakafu, vinavyotakiwa kufyonza maji kidogo, chokaa ikizidi kigae hubaki na vinyweleo kisha hulainika ghafla joto likipanda kidogo tu. Basi pimeni kwanza: chukueni kilo 1 ya udongo mkavu, muioshe juu ya chekeche hiyo, mkaushe na kupima mabaki, kisha muyajaribu kwa asidi. Mabaki yakiwa mengi na yakitoa povu jingi, chekecheni majini na kuyarudisha maji yaliyotuama kwenye pipa la kulowekea.